Kinshasa na Lubumbashi: ndeke ilifupisha njia ya nani?

Wandugu, ukiuliza leo Kinshasa na Lubumbashi ziko mbali namna gani, watu wanajibu kwa masaa: mawili na kitu mu ndeke. Mstari ulionyooka ni karibu kilometa 1,570. Na juu saa ya Lubumbashi inatangulia ya Kinshasa kwa saa moja, anayeondoka kule saa nne asubuhi anashuka huku saa saba imepita.

Lakini tuangalie njia ya chini. Reli ya kwanza kufika Élisabethville, njo Lubumbashi ya leo, ilifika mwaka 1910, na ilitoka kusini, mu Rhodesia. Kwa treni mji wetu uliungana na Cape Town mbele ya kuungana na Kinshasa. Kumbe haja ya wakoloni haikuwa watu watembeleane. Ilikuwa shaba itoke.

Wabelgiji hawakupenda shaba yao ipite kila mara mu mikono ya Waingereza. Njo maana walijenga reli ya BCK, na mwaka 1928 mfalme Albert alikuja kuifungua. Iliishia Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, karibu kilometa 1,600 toka Lubumbashi. Pale wanashusha mizigo, wanapakia mu mashua, wanateremka mto Kasai na mto Kongo mpaka Kinshasa. Kisha treni tena mpaka Matadi. Kipande cha reli kati ya Ilebo na Kinshasa hakijajengwa mpaka leo. Mwaka 1931 reli ya Benguela ilifungua njia fupi ya kwenda bahari ya Lobito, na shaba ikapata mlango mwingine. Chakula hakikupata.

Ndeke nayo haikuanza kwa mbio. Edmond Thieffry na wenzake wawili waliondoka Brussels tarehe 12 Februari 1925, wakafika Léopoldville tarehe 3 Aprili: siku 51, wakati mu hewa walikuwa karibu masaa 75 tu. Siku zingine zote ziliisha chini. Mu miaka ile ile Sabena ilianza kuunganisha Léopoldville na Élisabethville, kupitia Luebo. Toka pale mkubwa wa serikali aliweza kuruka juu ya tundu la Ilebo bila kuliona.

Mimi nimesoma agronomia, na hapa njo ninaumia. Muhogo mbichi ukishang'olewa, siku mbili au tatu unaanza kuharibika. Ukiukausha, kosete zinavumilia safari, lakini kila mara unaposhusha na kupakia, bei inapanda na mvua inaweza kuzilowesha. Gunia la mahindi halipande ndeke: nauli itapita bei ya unga. Kwa hiyo Lubumbashi inakula bukari ya mahindi ya Zambia, kwa njia ile ile ya kusini ya 1910, na Kinshasa inangojea mashua toka ngambo. Mkulima wa Kasai iko katikati ya miji miwili mikubwa, na yote miwili iko mbali naye.

Tunaposema "masaa mawili", tunahesabu masaa ya mwenye tiketi. Inchi inapimwa kwa masaa ya gunia. Siku kipande cha Ilebo kitajengwa, njo tutasema miji hii miwili imekaribiana.