Neno la leo: Kuachia

Siku hizi wasanii "wanaachia" nyimbo. Wapo wanaolibeza neno hili kuwa ni la vijana wa redioni, mimi nalitetea. Limetokana na "acha", na kauli ya kutendea imelipanua: unaachia kamba uliyoishika, hakimu anamwachia mshitakiwa, mzazi anawaachia wanawe urithi.

Mwimbaji Siti binti Saad, wa Ng'ambo ya Unguja, anatuonyesha maana zote tatu. Mwaka 1928 yeye na wenzake walikwenda Bombay kurekodi santuri za kampuni ya His Master's Voice. Miongoni mwa nyimbo zake ni "Kijiti", juu ya mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja: muuaji akatoroka, waliotoa ushahidi wakatiwa hatiani. Korti ilikwishakata shauri, na hao haikuwaachia. Lakini wimbo ukishaingia kwenye santuri na kupigwa barazani, umeachiwa kama kamba: hapana hakimu awezaye kuurudisha. Kesi ile tunaijua mpaka leo kwa sababu aliiimba: huo ndio urithi aliotuachia.

Basi tuseme "ameachia wimbo" bila haya. Ila kila unapotoka wimbo, tuulize pia: msanii ametuachia nini?