Goma mpaka Beni: umbali ni uleule, safari ni nyingine



Mara nyingi tunaulizwa: kwa nini kurudisha familia moja Beni kunakula mapesa mengi hivi, wakati kwenye ramani ni karibu tu? Swali ni la haki. Jibu liko katika historia ya njia yenyewe.

Kutoka kiwanja cha ndege cha Goma mpaka kile cha Mavivi, Beni, kwa mstari ulionyooka ni karibu kilometa 250. Ndege ndogo inazimaliza chini ya saa moja. Kwa barabara ya taifa namba 2, kupitia Rutshuru, Kanyabayonga, Lubero na Butembo, ni karibu kilometa 350. Siku ya amani na jua, motokari inaweza kutoka alfajiri ikafika usiku. Mvua ikinyesha, kamyo inalala kwenye matope.

Kiwanja cha Goma nacho kimepita mengi. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilifunika upande wa kaskazini wa njia ya kurukia. Kwa mita 3,000 zikabaki karibu 2,000. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya abiria ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa njia na kuingia Birere. Tarehe 24 Novemba 2019 ndege ndogo aina ya Dornier 228, iliyokuwa inaenda Beni, ilianguka juu ya nyumba za Mapendo. Tulilia, tukazika. Lakini watu waliendelea kununua bilete, ju barabarani kulikuwa na watekaji.

Mwisho wa Oktoba 2022 M23 waliingia Kiwanja na Rutshuru, barabara ikakatika. Juni 2024 wakachukua Kanyabayonga. Njia ya moja kwa moja ikabaki ya hewani peke yake. Januari 2025 vita vikafika Goma, na kiwanja kikafungwa.

Toka hapo, wengi wetu tunazunguka Uganda: Bunagana, ambako Uganda ilifungua tena mpaka Julai 2025, kisha Kisoro, Kabale, Mbarara na Kasese, halafu tunaingia Kongo tena kwa Kasindi. Ni zaidi ya kilometa 500. Tunatoka katika nchi yetu ili kufika katika nchi yetu.

Mama mwenye watoto wanne hawezi kulipa nauli tu. Kuna chakula, kuna mahali pa kulala, kuna karatasi za mpaka. Na wengi karatasi zao zilibaki katika nyumba walizokimbia. Mtoto asiye na karatasi anaweza kusimamisha safari ya familia nzima.

Njo maana hatuhesabu tena msaada kwa kilometa. Tunahesabu siku za njiani, mipaka ya kuvuka na vichwa vya familia. Wanachama, mnapojiandikisha, tuambieni mapema nani hana karatasi. Wafadhili, mkiona kwenye hesabu zetu safari ya siku mbili au tatu pale ramani inapoonyesha saa moja, mjue hatukukosea kuhesabu. Beni haijasogea. Ni njia zilizofungwa, moja baada ya nyingine.