Majina ya Ubavuni

Herufi tatu zilitosha kuwaambia watu wa Mwanza kwamba ziwa lina mwenyewe. Meli iliyoanza safari mwaka 1961 iliitwa RMS Victoria, na RMS maana yake ni Meli ya Posta ya Kifalme. Barua zilizokuwamo humo zilisafiri chini ya taji la Uingereza. Desemba ya mwaka huohuo Tanganyika ikapata uhuru, na haikupita miaka mingi RMS ikaondoka, ikaandikwa MV, yaani chombo cha injini, kama meli nyingine yoyote. Chuma kilekile, gati lilelile, mizigo ileile. Victoria ndiyo iliyobaki.

Anayetaka kujua historia ya Ziwa Victoria aanze kusoma ubavuni mwa meli zake.

Za kwanza zilikuwa na majina ya Kiingereza. William Mackinnon alikuwa tajiri wa meli kutoka Uskoti, mwanzilishi wa kampuni iliyotangulia serikali ya kikoloni katika Afrika Mashariki. Meli yenye jina lake ililetwa vipande vipande kabla reli haijafika ziwani, na vipande vingine vilibebwa vichwani na wapagazi kutoka pwani. Hakuna mpagazi hata mmoja aliyeandikwa ubavuni. Zikafuata Winifred, Sybil na Clement Hill, huyu wa mwisho akiwa mkubwa katika Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza. Hata bandari ya Kisumu, reli ilipoifikia Desemba 1901, iliitwa Port Florence, kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mhandisi wa reli.

Ziwa lenyewe lilikwisha kubatizwa. John Hanning Speke alilitazama akiwa Mwanza tarehe 3 Agosti 1858 na kulipa jina la malkia wake, ingawa Waarabu wa Kazeh, Tabora ya leo, walikuwa wamemwelekeza kwenye bahari ya Ukerewe. Waganda waliliita Nalubaale, Wajaluo Nam Lolwe. Hoja ya kulirudishia jina la wenyeji huibuka mara kwa mara katika nchi zinazolizunguka, na ni hoja ya haki.

Upande wa kusini, Wajerumani waliandika kwa tahajia yao. Kwenye mihuri ya posta yao mji wa Mwanza ni Muansa, na hivyo ndivyo ilivyoitwa boti yao ndogo iliyofungwa mzinga. Septemba 1914 Muansa ilikabiliana na Winifred huko Karungu, Winifred ikarudi nyuma kwanza, kisha ikaja tena na mwenzake na Muansa ikakimbia. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, Muansa ikawa Mwanza. Herufi mbili tu zilibadilika, lakini kwa karani wa posta, kwa mwenye duka na kwa mtoto wa shule, herufi hizo zilikuwa ndiyo habari ya vita.

Kubadili jina la meli si kazi ya brashi peke yake. Mara nyingi fundi huchomelea mstari mwembamba wa chuma kuzunguka kila herufi, ili mpaka rangi wa miaka ijayo aufuate bila kupotea. Jina likibadilika, mistari hiyo husagwa. Isiposagwa sawasawa, jua la jioni likipiga ubavuni kwa kando, jina la kale huchungulia chini ya rangi mpya.

Baada ya uhuru zikaja Umoja na Uhuru, meli pacha za kubeba mabehewa ya treni, mali ya nchi tatu kwa pamoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mali zikagawanywa. Umoja ikaangukia Tanzania, Uhuru ikaenda Kenya. Uganda, iliyobaki bila meli za namna hiyo, baadaye iliagiza zake kutoka Ubelgiji, na mojawapo ikaitwa Kabalega, mfalme wa Bunyoro aliyepigana na Waingereza. Sasa jina la aliyewapinga wenye Winifred likaelea juu ya maji yaleyale.

Lipo jina ambalo Mwanza haihitaji kulisoma popote. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, karibu kabisa kufika Mwanza, ikiwa na mamia ya watu. Wengi wamezikwa Igoma.

Victoria ilipoacha safari mwaka 2014, mji ulikosa meli yake kwa miaka sita. Mwaka 2018 mikataba ya ukarabati ikasainiwa, na mwaka 2020 meli ikarudi majini ikiitwa New Victoria Hapa Kazi Tu. Maneno matatu ya mwisho yalikuwa kaulimbiu ya kampeni ya John Magufuli mwaka 2015. Meli mpya iliyojengwa Mwanza Kusini, yenye urefu wa mita 92.6 na nafasi ya abiria 1,200, nayo ilipangiwa jina la MV Mwanza Hapa Kazi Tu. Ilishushwa majini tarehe 12 Februari 2023, na taratibu jina lililozoeleka katika taarifa likawa New MV Mwanza.

Kaulimbiu ni ya msimu, na meli huishi zaidi ya nusu karne. Kuipunguza ilikuwa busara. Lakini hilo neno New linauma. Nchi iliyofuta RMS na kuandika Umoja kwa fahari haikukosa neno la kusema kwamba kitu ni kipya.

Abiria wanaotoka mji wa Bukoba hawakungoja uamuzi wa jina. Anayetoka Kagera na mikungu yake ya ndizi, akiulizwa kaja na nini, hasemi New, wala hataji kaulimbiu. Anasema kaja na Victoria, kama alivyosema baba yake. Na pale Mwanza Kusini, mabehewa yanayokwenda Port Bell yanapopandishwa juu ya reli za sitaha, meli inayoyapokea bado inaitwa Umoja.