Wamarekani waliokimbia kwao

Ukikulia Hjulsta neno *mkimbizi* unalijua, maana wengi wetu wazazi wetu waliitwa hivyo. Tukaambiwa njia ni moja tu: kutoka Afrika kuja Ulaya. Sasa sikia hii.

Pete O'Neal alikuwa mwenyekiti wa Black Panther kule Kansas City. Mwaka 1970 akahukumiwa jela miaka 4, eti amevusha bunduki kutoka jimbo moja kwenda jingine. Akatoroka na mkewe Charlotte. Unajua walikimbilia wapi kwanza? Sweden! Enzi hizo tunelbana ya buluu ilikuwa bado haijafika huku kwetu, ilifika 1975. Lakini hawakukaa. Wakaenda Algeria, halafu mwaka 1972 wakaingia Tanzania ya Nyerere.

Huko ndiko walikotulia. Wakajenga Imbaseni, karibu na Arusha, na mwaka 1991 wakaanzisha kituo cha UAACC, ambako vijana wa kijijini wanasoma kompyuta, Kiingereza na sanaa bila kulipa. Charlotte wanamwita Mama C, na anapiga nyatiti, ala ya Wajaluo ambayo kwa desturi ni ya wanaume. (Mimi nampenda tayari.)

Kitu kimoja ndo kinaniuma. Miaka ikapita, Mama C akaweza kwenda Marekani kusalimia ndugu. Pete alibaki Imbaseni. Hukumu ya 1970 ilikuwa bado inamsubiri, angetua tu, pingu.