Baba mdogo akifariki, mwajiri anatakiwa kukupa ruhusa?

Mwanza. Daraja la JP Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 kutoka Kigongo, Misungwi hadi Busisi, Sengerema, lilizinduliwa Juni 19, 2025. Lilijengwa na kampuni za China, wafanyakazi wengi wakiwa Watanzania. Kwenye kazi za namna hii kuna jambo lisilopimwa kwa futi: nani ni ndugu yako, na unadaiwa nini naye.

Chukua msiba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 34, inampa mfanyakazi angalau siku 4 za ruhusa yenye malipo akifiwa na mtoto, mwenza, mzazi, babu, bibi, mjukuu, kaka au dada.

Baba mdogo hayumo. Mjomba na shangazi pia hawamo.

Lakini kwa Msukuma, kama kwa Watanzania wengi, baba mdogo ni baba. Mtu akisema “nimefiwa na baba” kwa mara ya pili, bosi mgeni anaona kadanganywa. Mwenyeji anauliza tu: “Baba yupi?”

Na kutokwenda kuna gharama. Asiyeonekana kwenye misiba ya wenzake, siku yake watu watakuwa wachache na mchango kiduchu. Ni bima, ila haina karatasi. Usukumani ushirika huu ulifika hadi shambani, ambako vijana, basumba, walilima pamoja wakiongozwa na nsumba ntale.

Mholanzi Geert Hofstede alipima tofauti hizi kwa madodoso ya wafanyakazi wa IBM ya 1967 hadi 1973. Kwenye kipimo cha mtu kujitazama yeye kabla ya kundi, Marekani ilipata 91, Afrika Mashariki 27. China, iliyoongezwa baadaye, 20.

Kwa namba hizo, Mchina na Msukuma wangeelewana fasta. Wapi! Mwanasosholojia Fei Xiaotong, mwaka 1947, alifananisha mahusiano ya Wachina na jiwe lililotupwa majini: kila mtu yuko katikati ya miduara yake, nayo hufifia ikienda mbali. Wawili wanaweza wote kuthamini ndugu, ila wasikubaliane mduara unaishia wapi.

Undugu una upande mgumu pia. Msimamizi akimfukuza kazi mpwa wake, kesi haiishii ofisini, inafika kwa wazee kijijini.

Kilicho rahisi ni kukubaliana mapema, kabla ya msiba: siku za baba mdogo zikatwe kwenye likizo ya mwaka, ambayo kisheria si chini ya siku 28, au ziwe bila malipo.