Viatu Vipya Havijawahi Kumfikisha Mtu Kileleni

Wasee, kila Jumatatu nikifungua simu lazima nione mtu amesimama Point Lenana na bendera, na chini ameandika orodha ya vitu alivyonunua kujitayarisha: viatu, glavu, tochi ya kichwa, koti zito. Orodha iko sawa. Lakini ukisoma historia ya hii milima yetu, utaona kilichofikisha watu juu kilikuwa siku za kutosha, chakula, na wale waliobeba hicho chakula.

Chukua Hans Meyer, yule Mjerumani wa Kilimanjaro. 1887 alifika kwenye barafu ya Kibo akakwama, hakuwa na vifaa vya kuikata. 1888 hata mlima hakuufikia. Vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vilikuwa vimewaka, akakamatwa njiani, ikabidi alipe ndio aachiliwe. 1889 akarudi na Ludwig Purtscheller, mpanda milima kutoka Austria, na 6 Oktoba wakafika kileleni. Shuleni tulikariri hapo tu: Wazungu wawili, tarehe moja, basi.

Sasa angalia vile walijipanga mara hiyo ya tatu. Kambi kubwa ilikuwa Marangu, kwa Mangi Mareale. Nyingine ikawekwa juu zaidi, halafu ya mwisho kwenye uwanda wa baridi chini ya Kibo, kupita mita 4,000. Wapagazi walikuwa wanapanda na kushuka wakileta chakula. Kwa hivyo 3 Oktoba, walipofika ukingo wa kreta wamechelewa na wamechoka, walishuka zao wakalala, wakajaribu tena baada ya siku 3. Bila ule mzigo kutoka chini, wangerudi Ulaya mikono mitupu mara ya tatu. Aliyebaki nao kwenye kambi ya juu alikuwa Mwini Amani, mtu wa Pangani. Hebu fikiria, mtu wa pwani, kule kwa baridi, akiwangoja warudi! Jina lake hatukulikariri.

Mlima Kenya nao, 1899, Halford Mackinder alifika Batian, lakini safari nusura ivunjike kwa sababu ya njaa. Nchi nzima ilikuwa na ukame, chakula cha kununua hakuna, ikabidi watu watumwe hadi Naivasha kutafuta msaada. Vifaa alikuwa navyo.

Sasa rudi leo. Madaktari wa milima wanashauri hivi: ukishapita mita 3,000, mahali unapolala usiku huu pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500 hivi. Piga hesabu ya ile safari ya wikendi njia ya Sirimon. Usiku wa kwanza Old Moses, mita 3,300. Wa pili Shipton, mita 4,200. Hiyo ni mita 900 kwa siku moja! Halafu unaamshwa saa nane usiku uende Lenana, mita 4,985. Na usiniambie unakimbia kila asubuhi. Mapafu ya mkimbiaji hayazoei hewa nyepesi haraka kuliko ya mtu mwingine. Enyewe wenye nguvu ndio huumia sana, kwa sababu wanaharakisha. Kichwa kikiuma na utapike, hupandi tena. Ukianza kuyumba kama mlevi ama kukosa pumzi hata ukiwa umekaa, unashushwa saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Kwa hivyo kabla ya kutuma pesa muulize kiongozi wa safari: ni usiku ngapi, na wapagazi wanakula nini, wanalala wapi? Kilimanjaro kuna sheria kwamba mpagazi asibebe zaidi ya kilo 20, na bado kuna wanaobebeshwa zaidi. Anayepunja wapagazi wake atakupunja na wewe siku.

Sisi wa Matete tuna bahati, Elgon iko hapa karibu, ule wazee wanaita Masaba. Koitoboss ni mita 4,222, nauli si nyingi, na unapanda na askari wa wanyamapori. Ni mahali pazuri pa kujua mwili wako unafanyaje huko juu kabla ya kulipa pesa kubwa. Kundi letu tunaanzia huko Januari. Lenana tumeisukuma hadi Februari, kukiwa kukavu, na tumeongeza usiku mmoja Old Moses. Bei imepanda, wawili wamejitoa, na tumebaki watano.