Risasi ya Kusubu: Uta, Bunduki na Msamiati wa Uwindaji katika Tana ya Chini

Utangulizi

Kilelengwani ni kijiji cha delta ya mto Tana, baina ya Garsen na Kipini. Nchi yake ni ya mashamba ya kando ya mto, mabwawa, mikoko na mbuga za majani ambazo kwa muda mrefu zimekuwa malisho ya ng'ombe, na pia ya kuro, topi na paa. Wapokomo ni wakulima na wavuvi wa mto huo. Waorma ni wafugaji wa mbuga zake. Na Waata, waitwao pia Wasanye, walisifika kote katika nyika ya pwani kwa uwindaji. Katika nchi ya namna hii historia ya kuwinda ni historia ya silaha mbili, uta na bunduki. Makala haya yanachunguza sehemu moja ya historia hiyo ambayo haikuangaliwa sana, nayo ni risasi iliyosubiwa nyumbani kwa mkono wa mwindaji mwenyewe. Ushahidi unaotumika hapa ni wa aina mbili: msamiati wa Kiswahili, na sheria zilizoandikwa tangu mwaka 1890.

Msamiati wa silaha mbili

Mwenye kutazama maneno ya uwindaji wa kale huona mara moja kwamba mengi ni ya Kibantu. Kitenzi winda ni cha Kibantu, na neno uta lina ndugu zake katika lugha nyingi za jamii hiyo. Kitenzi saka kimezaa msasi, kwa badiliko la sauti lililo jamaa ya lile lililotoa mpishi katika pika, na methali isemayo kwamba msasi haogopi miiba yaonyesha jinsi jina hilo lilivyozoeleka. Mwenye kutazama msamiati wa bunduki huona kinyume chake. Bunduki, risasi, kasiba, kalibu na shabaha yote yametoka katika Kiarabu, na bastola ni neno la asili ya Ulaya.

Ni rahisi basi kukata shauri kwamba bunduki ilikuwa chombo cha wageni, na kwamba wenyeji waliipokea pamoja na majina yake bila ya kuifanya yao. Shauri hilo ni la haraka. Majina ya vitu husafiri pamoja na bidhaa, lakini vitenzi huonyesha ni nani aliyefanya kazi. Bunduki ya zamani hushindiliwa, kwa kuwa baruti na risasi hutiwa mdomoni mwa mtutu na kukazwa kwa mdeki. Hulengwa, kisha hupigwa. Vitenzi hivi vyote ni vya Kibantu. Aidha, lugha haikuridhika na jina moja la silaha yenyewe, bali ilitofautisha bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi. Bunduki ya gumegume, iliyowashwa kwa jiwe la kiberiti. Na bunduki ya fataki. Watu wasiojua chombo hawana haja ya kukigawa kwa kadiri hiyo.

Neno risasi

Neno lenye kuvutia zaidi ni risasi. Katika Kiswahili lina maana mbili: ni madini yenyewe, laini na mazito, na ni kile kipande kinachotoka katika mtutu. Mtu angeweza kusema kwamba maana ya pili ilizaliwa papa hapa pwani, pale ambapo madini yalisubiwa na kuwa vidonge. Lakini hapana budi kujihadhari. Kiarabu nacho kina rasas kwa madini, na kutokana na neno hilo hilo huitwa kidonge cha bunduki. Yamkini maana zote mbili zilipokewa kwa pamoja. Neno hili peke yake, basi, halithibitishi kitu.

Kinachothibitisha ni maneno yanayolizunguka. Subu ni kumimina madini yaliyoyeyuka katika kalibu ili yapate umbo. Popoo, tunda la mpopoo litafunwalo pamoja na tambuu, limekuwa pia jina la risasi ya mviringo. Marisaa ni vidonge vidogo vya kupigia ndege. Hapa lugha inafanya yenyewe jambo ambalo Kiarabu kilifanya kwa njia yake, kwani neno bunduki nalo linatokana na jina la kokwa. Msemaji wa Kiswahili hakufuata mfano huo kwa kujua; aliona kidonge kitokacho katika kalibu, akakifananisha na tunda lililokuwamo katika kijaluba cha tambuu. Aliyeona hivyo alikuwa karibu na kalibu.

Kazi ya mikono

Sababu ya kazi hii kuwezekana nyumbani ni rahisi. Chuma hakiyeyuki mpaka kifikie joto la nyuzi 1,538 za Selsiasi, ilhali risasi huyeyuka kwa nyuzi 327. Moto wa kuni na chombo cha chuma vyatosha, wala haihitajiwi mivuo ya mhunzi. Madini yenyewe hayakuwa mageni kwa watu wa maji. Mvuvi hufunga chubwi katika mshipi ili ndoana izame, na nahodha hupima kina kwa bildi. Vyote viwili hufanywa kwa risasi. Madini ya mwindaji, kwa hiyo, yalikuwa yale yale ya mvuvi na baharia.

Kidonge kilichotoka katika kalibu hukatwa ncha iliyobaki mahali pa kumiminia, kisha hulainishwa. Hakina budi kiwe chembamba kidogo kuliko kasiba, ili kiingie bila ya kukwama. Tena hufungiwa kitambaa ili kisilegee na kupoteza nguvu ya baruti. Baruti nayo hupimwa kwa mkono, na kipimo hicho huitwa kiasi. Baadaye zilipokuja bunduki za kutiwa nyuma, ambazo baruti na risasi zake zimekwisha unganishwa kiwandani, jina kiasi likapewa kile kitu kizima. Neno lililokuwa la uamuzi wa mwindaji likawa jina la bidhaa ya dukani. Ni mfano mdogo, lakini unaonyesha jinsi ujuzi unavyoweza kutoka katika mikono ya watu na jina lake likabaki kinywani mwao.

Silaha yenyewe ilikuwa na mipaka. Mtutu usio na mifuo ndani hauipeleki risasi ya mviringo mbali kwa uhakika. Bastola, kwa ufupi wa mtutu wake, ni dhaifu zaidi, na inamlazimu mwenye kuishika amkaribie swala hatua chache kabla ya kuthubutu kupiga. Katika mbuga tambarare hilo ni jambo gumu, na mlio mmoja hufukuza kundi zima. Mshale wenye sumu hauna mlio. Waata walivuta nyuta nzito mno, wakatumia sumu ya mti wa porini, na kwa silaha hiyo waliweza kumwangusha hata ndovu. Ndiyo maana bunduki haikuuondoa uta. Pengine ndiyo maana pia neno bastola limebaki peke yake katika lugha, bila ya ukoo wa majina kama ule wa bunduki.

Sheria ya mwaka 1890

Tarehe 8 Aprili 1885 Sultani Ahmad wa Witu, aitwaye Simba, alitiliana mkataba na Clemens Denhardt, na mwaka huo huo nchi yake ikawa chini ya himaya ya Ujerumani. Tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani iliiachia Uingereza Witu. Siku iliyofuata, tarehe 2 Julai, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mapatano ya kuzuia biashara ya watumwa, na ndani yake mlikuwamo vifungu vya silaha. Kuingiza bunduki na baruti kulizuiwa katika sehemu kubwa ya Afrika, toka digrii 20 kaskazini hadi digrii 22 kusini. Hata hivyo ruhusa iliachwa, kwa masharti, kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo na kwa baruti ya kawaida.

Maana ya ruhusa hiyo haikukaziwa macho vya kutosha. Sheria haikumnyang'anya Mwafrika kila bunduki. Ilimgandisha katika bunduki ya zamani. Mwaka 1888 Mwingereza H. C. V. Hunter alikuwa akiwinda kando ya Tana, na swala aliyempata huko, ambaye ndiye hirola, alielezwa na Sclater mwaka 1889 na kupewa jina la kisayansi la mwindaji huyo. Tangu 1890 mgeni wa namna ya Hunter alikuja na silaha za kiwandani kwa idhini, na mwenyeji akaachiwa gumegume. Risasi ya kusubu ilidumu kwa sababu ya sheria, si kwa sababu watu walishindwa kutamani iliyo bora. Anayeiona bunduki ya gobori kuwa alama ya ujinga wa wenyeji anasoma athari ya mapatano ya Brussels kana kwamba ni tabia ya watu.

Kutoka msasi hadi jangili

Kanuni za wanyama wa mwitu zilizofuata mwanzoni mwa karne ya 20 zilifanya kuwinda kuwe kwa leseni. Mwezi wa Mei 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu mtu kuwa na silaha ya moto wala risasi pasipo cheti. Hoja ya hifadhi ina uzito wake: hirola waliobaki duniani wanakadiriwa kuwa mia chache tu. Lakini kwa upande wa lugha tokeo ni hili, kwamba aliyekuwa msasi ameitwa jangili, na maelezo ya kazi yake yamekuwa ungamo la kosa.

Kilelengwani kwenyewe kuna sababu nyingine ya kunyamaza. Tarehe 10 Septemba 2012, katika mapigano ya wakulima na wafugaji wa delta, kijiji hicho kilishambuliwa. Kwa mujibu wa taarifa za wakati ule waliuawa watu 38, miongoni mwao askari polisi 9. Amri ya kutotoka nje usiku ikatolewa. Baada ya msiba kama huo, kumwuliza mzee jina la kalibu ni kumwuliza habari za silaha.

Hapa ndipo mkusanyaji wa istilahi anapotatizwa. Kwa kawaida maneno ya ufundi hupotea kwa kuwa wenye kuyajua wamekufa. Haya yaweza kupotea wenyewe wakiwa hai, kwa kuwa si salama kuyatamka. Njia iliyo wazi ni ya kuanzia kwa mvuvi. Chubwi husubiwa kwa madini yale yale, kwa moto ule ule, na hakuna sheria inayomkataza mtu kulieleza. Kitenzi, kalibu, namna ya kumimina na namna ya kukata ncha vyote vimo humo. Mwenye kuyaandika maneno hayo ukingoni mwa Tana atakuwa ameuandika pia msamiati wa risasi, na hatakuwa amemtaka mtu yeyote ajishuhudie.